Mvinyo Mwekundu wa Mchanganyiko kutoka Marekani: Nunua Ule Usioficha Sukari Yake

Wifi yangu hakutukana. Alikunywa funda moja, akaitazama glasi kwa muda, kisha akaniuliza kwa upole uliouma kuliko tusi: "Wifi, umetuwekea sharubati kwenye chupa ya mvinyo?" Ilikuwa Jumapili ya mwisho ya Novemba, hapa Minneapolis. Mezani kulikuwa na mbuzi wa kuchoma, ndizi nyama, na kachumbari yenye pilipili ya kumtoa mtu machozi, na katikati ya vyote hivyo zilisimama chupa tatu za mvinyo mwekundu wa California, nilizozinunua kwa dola 24 kila moja baada ya muuzaji kuniapia kwamba ulikuwa mvinyo mkavu, yaani usio na utamu. Jina la chupa nitaliacha, na la duka pia, kwa kuwa tangu siku ile nimegundua kuwa kosa lile nimelifanya mara nyingi, katika maduka tofauti, na kwamba watu wengi wanaoniomba ushauri kuhusu mvinyo wa Marekani wamelifanya pia bila kujua kosa lenyewe ni lipi. Husema tu kwamba mvinyo ule "uliwachosha", au kwamba glasi ya kwanza ilikuwa nzuri na ya pili haikumalizika.

Kinachowachosha ni sukari. Kwa hiyo sitazungumzia rangi ya mvinyo, wala umbo la glasi, wala zile alama 92 na 94 zinazoning'inia rafuni kwenye vikadi, kwa maana mambo hayo yamekwisha kuandikwa na wengi na hayajawahi kunisaidia kuchagua chupa hata moja. Nimeipanga mivinyo hii ya mchanganyiko, yaani iliyotokana na aina zaidi ya moja ya zabibu, kwa kigezo kimoja ambacho karibu kila mnunuzi hukipita bila kukitazama: ni sukari kiasi gani imebaki ndani ya chupa, na je, mtengenezaji yuko tayari kusema?

Zabibu ikipondwa, hamira hula sukari yake na kuigeuza kileo. Ikiachwa ile mpaka ishibe, mvinyo hutoka mkavu, wenye uchachu na ule ukakasi wa ufizi tunaoujua tukitafuna ndizi mbichi. Ila mtengenezaji anaweza kuisimamisha hamira kabla haijamaliza kazi, kwa kuupoza mvinyo na kuuchuja, au anaweza kuiacha imalize kisha akarudisha utamu kwa kuongeza maji ya zabibu yaliyochemshwa hadi yakawa mazito. Sheria ya California inakataza kutia sukari ya kawaida katika mvinyo, jambo ambalo wauzaji hulitaja kwa fahari, lakini maji hayo mazito ya zabibu yanaruhusiwa, na kwenye ulimi wangu sioni tofauti yoyote ya maana. Zinfandel, aina ya zabibu ambayo ni uti wa mgongo wa michanganyiko mingi ya California, inaongeza ugumu wake yenyewe: katika kichala kimoja utakuta tunda bichi, tunda lililoiva, na tunda ambalo limekwisha kunyauka likawa zabibu kavu, na hizo kavu huachia sukari yake polepole, wakati mwingine baada ya mtengenezaji kudhani kwamba amekwisha kupima kila kitu.

Ulaya, mvinyo huitwa mkavu kwa kawaida ukiwa na sukari isiyozidi gramu 4 kwa lita, au zaidi kidogo uchachu ukiwa mkubwa. Tuseme chupa ya mililita 750 ina gramu 15 kwa lita: hapo umenunua gramu 11 na ushee za sukari, karibu vijiko vitatu vya chai. Kwa afya si jambo la kutisha, kwa kuwa kopo moja la soda la hapa Marekani linaweza kuwa na gramu 39, na mtu anayekunywa soda hana haki ya kunyooshea mvinyo kidole. Shida yangu ni ya meza. Vijiko vitatu vya sukari vinaifanya nyama ya mbuzi ionekane haina chumvi, vinaifunika ladha ya moshi, na vinamwacha mgeni akitafuta maji.

Chupa yenyewe haisemi lolote. Lebo ya mvinyo wa Marekani kwa kawaida hutaja kileo, salfaiti (kihifadhi cha mvinyo), na onyo la serikali kwa wajawazito na madereva, lakini hailazimiki kutaja sukari. Ikiwa imeandikwa aina moja ya zabibu, Merlot kwa mfano, angalau asilimia 75 ya mvinyo lazima itokane na zabibu hiyo. Hiyo ndiyo sheria tangu 1983. Ikiwa imeandikwa tu kwamba ni mvinyo mwekundu, au mchanganyiko mwekundu, mtengenezaji hadaiwi kukutajia zabibu hata moja, na hapo ndipo msemo wa kununua mbuzi kwenye gunia unapopata maana kamili. Hata kileo chenyewe kina ulegevu wake: mvinyo uliozidi asilimia 14 unaruhusiwa kupishana na lebo kwa asilimia 1 juu au chini, na ule wa asilimia 14 kushuka chini unaruhusiwa kupishana kwa 1.5, ilimradi usivuke mpaka huo wa 14. Kinachoniudhi zaidi ni kwamba mivinyo iliyotengenezwa baada ya tarehe 8 Desemba 2023 ikitaka kuuzwa katika Umoja wa Ulaya hulazimika kutoa orodha ya viambato na lishe, mara nyingi kwa ile alama ya mraba inayosomwa na simu. Maana yake ni kwamba mtengenezaji wa California anayepeleka mvinyo Ujerumani anaijua hesabu hiyo na ameiandika. Ni mimi tu, jirani yake ninayemlipa dola zilezile, ninayefichwa. Nyumbani Tanzania anayenunua dompo ya Dodoma anajua ananunua kitu kitamu, na chupa nyingi tamu zinazotoka Afrika Kusini hutangaza utamu wao usoni kabisa. Hakuna aibu katika mvinyo mtamu. Aibu ni kuuvalisha kanzu isiyo yake.

Ulimi peke yake hudanganyika kirahisi, na wazalishaji wanalijua hilo. Mvinyo wa Marekani unaweza kuonekana mtamu kwa sababu nne tofauti: zabibu zilizoiva sana zenye harufu ya jemu, mapipa ya mwaloni wa Marekani yanayoacha harufu ya vanila na nazi, kileo kingi ambacho chenyewe kina utamu kidogo kabla hakijaunguza, na sukari halisi. Ili kuzitenganisha, mimi huziba pua. Ninachukua funda la kutosha nikiwa nimebana pua kwa vidole viwili, ninalizungusha mdomoni, na ninasubiri. Vanila na jemu hupotea mara moja kwa sababu viliishi puani tu. Sukari hubaki palepale ulimini, na kileo hujitambulisha kwa joto lake kooni. Nimewafundisha mbinu hii wanawake wa chama chetu, nao walicheka sana mpaka walipoijaribu kwa chupa mbili zilizokaa pamoja.

Jambo la pili ni joto la mvinyo. Maduka yanayotoa vionjo Ijumaa jioni hupenda kuumimina ukiwa baridi, na baridi huuficha utamu. Shika kikombe kwa viganja viwili kwa dakika tatu, uzungumze na jirani, ndipo uonje. Usishughulike na ile michirizi inayoteremka ndani ya glasi, ambayo muuzaji mmoja aliwahi kunionyesha kana kwamba ni hati ya ubora: michirizi hiyo ni kazi ya kileo na maji kukauka kwa kasi tofauti, na haikuambii lolote kuhusu sukari. Bibi yangu kule Kibosho alikuwa akionja mbege kabla ya wageni kufika, na hakuwa akitazama chochote. Alikuwa akisubiri kusikia kama uchachu unafika mwisho wa funda au unakatika njiani. Mvinyo mwekundu mzuri nao huishia kwenye uchachu, nao ule wenye sukari nyingi huishia midomoni, ukiacha unata.

Nafasi ya kwanza ninaipa Geyserville ya Ridge, watengenezaji wa mvinyo wa California, na sitajifanya sina upendeleo, kwa kuwa ninao na ninaona nina sababu. Ridge wamekuwa wakitengeneza mvinyo huu tangu 1966, kutoka mashamba ya Alexander Valley katika kaunti ya Sonoma, ambako baadhi ya mizabibu imevuka miaka 130 na ilipandwa kwa mtindo wa zamani wa kuchanganya aina shambani humohumo: Zinfandel, Carignane, Petite Sirah, Alicante Bouschet na Mataro. Kwa maneno mengine, mchanganyiko huu haukubuniwa na idara ya mauzo. Miaka mingi Zinfandel haifiki asilimia 75, ndiyo maana chupa inabeba jina la mahali badala ya jina la zabibu, na lebo ya mbele inakutajia kila aina na asilimia yake. Lakini lililonifanya niwe mteja wao wa kudumu liko nyuma ya chupa. Tangu mavuno ya 2011 wamekuwa wakiandika orodha ya viambato kwa hiari yao, bila kulazimishwa na mtu: zabibu, hamira ya asili ya shambani, mwaloni kutoka kwenye mapipa, salfaiti, na hata maji, ikiwa mwaka huo waliongeza maji. Mtu anayekiri kwamba ametia maji, ninaweza kumwamini kuhusu sukari.

Ladha yake inalipa uaminifu huo. Kuna tunda la kutosha, kama zambarau zilizoiva vizuri, lakini chini yake kuna uchachu ulionyooka unaobeba mpaka mwisho, na ukakasi ambao haukwangui. Pua ikizibwa, mdomoni hubaki uchachu na ukakasi, wala sipati unata. Nimeunywa na mbuzi, na mtori siku ya baridi ya Januari, na siku moja na samaki wa kukaanga kwa ukaidi tu, na ni siku hiyo ya samaki pekee ulioshindwa. Bei yake imekuwa kati ya dola 45 na 55 katika maduka ninayoyafahamu, nami ninajua kwamba hizo si fedha ndogo. Anayetaka mkono huohuo kwa bei ya chini atafute Three Valleys ya Ridge, ambayo nayo ni mchanganyiko wenye Zinfandel mbele, na imekuwa ikiuzwa kwa dola 30 na kidogo. Ni mwepesi zaidi, hauna kina cha ndugu yake, lakini orodha ya viambato ipo nyuma vilevile.

Ya pili ni Patelin de Tablas Rouge kutoka Tablas Creek ya Paso Robles, huko huko California. Shamba hili lilianzishwa 1989 na familia ya Perrin, wenye shamba la mvinyo la Château de Beaucastel kusini mwa Ufaransa, wakishirikiana na Robert Haas, mwagizaji mvinyo wa Marekani, na mchanganyiko wake unafuata desturi ya huko: Syrah, Grenache, Mourvèdre na Counoise kidogo. Paso Robles kuna joto kali, nami niliifungua chupa ya kwanza nikitegemea uzito na jemu, lakini nilikuta mvinyo wenye harufu ya pilipili manga na udongo uliolowa, mkavu mpaka mwisho. Kwa chini kidogo ya dola 30, niliponunua mara ya mwisho, sijui mchanganyiko mwingine wa California unaokaa vizuri hivi na pilau. Ninauweka nyuma ya Ridge kwa sababu siku ya pili baada ya kufunguliwa huwa umelegea, wakati Geyserville siku ya pili huwa imechangamka zaidi.

Nafasi ya tatu inakwenda jimbo la Washington, mbali na California kwa umbali na kwa tabia. Mashariki mwa jimbo hilo mchana huwa wa moto na usiku baridi, na baridi hiyo ya usiku huulinda uchachu wa zabibu wakati jua linaleta sukari. Hedges, familia yenye mashamba yake Red Mountain, hutengeneza mchanganyiko wa Cabernet Sauvignon, Merlot na Syrah ambao wameuita kwa herufi za zabibu hizo tu, CMS. Kwa takriban dola 15 unapata mvinyo mkavu wa kweli, wenye ukakasi wa chai ya rangi iliyokolea. Ninawapenda pia kwa kupinga hadharani mtindo wa kuupa mvinyo alama kati ya 100. Haufikii ile niliyokwisha kuitaja, wala sitadai hivyo, lakini katika meza ya watu kumi na wawili hakuna atakayeulizia sharubati.

Ya nne ni The Prisoner, na najua nafasi hii itawaudhi wengi, kwa kuwa ndiyo chupa inayoletwa kama zawadi katika kila sherehe ya Waafrika Mashariki ninayohudhuria mjini hapa. Historia yake ni ya kuvutia kuliko mvinyo wenyewe. Dave Phinney aliutengeneza kwanza kwa zabibu za mwaka 2000, kreti 385 tu, akachanganya Zinfandel na Cabernet Sauvignon, Petite Sirah, Syrah na Charbono wakati ambapo wakubwa wa Napa, bonde maarufu la mvinyo la California, walikuwa wameshikilia Cabernet peke yake, na akabandika usoni mchoro wa Goya, msanii wa Hispania, wa mfungwa aliyefungwa minyororo. Aliliuza jina hilo 2010, na 2016 kampuni ya Constellation ikalinunua kwa takriban dola milioni 285. Hesabu hiyo ni ya jina, kwa kuwa shamba halikuwa sehemu kubwa ya biashara yenyewe, nami kila ninapolipa karibu dola 50 kwa chupa hiyo huhisi kwamba ninachangia deni la mtu. Ladha yake ni nene, ya jemu na vanila, na mdomoni kwangu unaishia kwenye utamu kabla uchachu haujafika. Wapo wanaoutaka hivyo, na pilipili kali inaupendeza kidogo kwa kuwa utamu huzima moto wake, ingawa kileo chake kikubwa kinauwasha tena. Ila kwa fedha hizo ninanunua Geyserville, na wakati mwingine chenji inabaki.

Kuhusu michanganyiko ya fahari ya Napa iliyojengwa kwa mtindo wa Bordeaux, eneo la mvinyo la Ufaransa, kama Insignia ya Joseph Phelps iliyoanza kwa zabibu za 1974, na Opus One waliyoianzisha Robert Mondavi na Baron Philippe de Rothschild kwa zabibu za 1979, sina haja ya kusema mengi. Bei yake ni mamia ya dola kwa chupa. Ukiona neno Meritage kwenye chupa ya bei ya wastani, ujue kwamba ni jina la chama kilichoanzishwa 1988 kwa ajili ya michanganyiko ya zabibu za Bordeaux, na hakuna zabibu moja inayoruhusiwa kuzidi asilimia 90. Linakuambia kuhusu zabibu, halikuambii kuhusu sukari.

Kwa wenye dola 15 kushuka chini, ukiacha CMS, nunueni Marietta Old Vine Red, ambao hubeba namba ya toleo badala ya mwaka, ni mkavu wa kutosha na hauna majivuno. Apothic Red ya Gallo na Ménage à Trois ni mivinyo ya utamu na inauzwa kwa wapenda utamu; kama ndivyo upendavyo, una haki, na hutapoteza fedha nyingi.

Narudi kwa wauzaji, kwa maana hasira yangu haijaisha. Hapa Minnesota mvinyo wa kawaida hauuzwi katika maduka ya vyakula, kwa hiyo tunalazimika kwenda duka la vileo na kumtegemea mtu aliyesimama pale. Nimeuliza swali moja katika maduka sita: mvinyo huu una gramu ngapi za sukari kwa lita? Wanne walitazama lebo, mahali ambapo jibu halipo. Mmoja aliniambia kwamba mvinyo mwekundu hauna sukari kamwe. Ni mmoja tu, kijana mdogo aliyekuwa akipanga makreti, aliyetoa simu yake, akaingia katika tovuti ya mtengenezaji, akafungua karatasi ya vipimo na kunisomea uchachu na sukari bila kunifanya nijione msumbufu. Wengi waliobaki walitumia neno lilelile, kwamba mvinyo huo ni "laini". Nimekwisha kuzoea kulitafsiri. Katika rafu ya mchanganyiko mwekundu wa Marekani, chupa inayosifiwa ulaini na umahameli bila kutaja zabibu, bila kutaja kaunti, na bila karatasi yoyote ya vipimo, mara nyingi niliyoionja ilikuwa tamu. Chupa nzito isiyo na maelezo nyuma ni dalili nyingine, kwa kuwa fedha imekwenda kwenye kioo.

Hotelini ni vibaya zaidi. Mchanganyiko unaouzwa kwa glasi, bila kukutajia kitu isipokuwa rangi, hugharimu dola 14 au 15 kwa glasi moja wakati chupa nzima dukani ni dola hizohizo. Omba uonje kwanza, mara nyingi hawakunyimi. Ziba pua hata kama mhudumu anakutazama.

Zile chupa tatu za Novemba, moja iliisha katika mchuzi wa nyama, ambako kwa kweli ilifanya vizuri. Ya pili nilijaribu kuirudisha na nikaambiwa kwamba ladha si kasoro. Ya tatu ingali kabatini. Wifi amesema atakuja tena Pasaka, na chini ya kitanda, zikiwa zimelazwa ubavu, ziko Geyserville mbili ambazo baba watoto amekwisha kuonywa asizisogelee.